Meli ile imeondoka na kazi zetu

Mhariri,

Nimesoma gazeti lenu miaka kumi na tano bila kuwaandikia hata mstari mmoja. Safari hii nimeshindwa kunyamaza. Ile habari ya meli iliyokuja bandari ya Mtwara kupakia korosho ghafi mliipa ukurasa wa mbele, mkasema imeleta ajira. Vijana wa kubeba magunia wamepata kibarua, sikatai. Waliokosa kazi kwa sababu ya shehena hiyo hamkuwagusa.

Mimi nilikuwa mbanguaji. Miaka sita nilikaa benchi katika kiwanda kimoja hapa Mtwara, tukilipwa kwa kilo, vidole vimebabuka kwa mafuta ya maganda. Asubuhi moja ya Machi tukakuta geti limefungwa. Tukaambiwa mzigo umekwisha, turudi msimu ujao. Msimu ukaja, hakuna aliyeitwa, na ujira wangu wa wiki mbili za mwisho sijaupata hadi leo. Baadaye msimamizi alinieleza: kiwanda kinatakiwa kununua korosho ya mwaka mzima ndani ya miezi michache ya minada, kwa mkopo wa benki wenye riba, kikishindana na mnunuzi wa nje anayepakia melini na kurudisha fedha yake upesi. Bei ikipanda mkulima anashukuru, hata baba yangu mwenye mikorosho Newala anashukuru, lakini bei hiyohiyo ndiyo iliyotufungia geti. Korosho yetu wanaibangua wanawake wenzetu wa Kollam kule India, au mashine za Vietnam, kisha inauzwa Ulaya na Marekani. Viwanda vilivyojengwa enzi za Mwalimu kwa mkopo wa Benki ya Dunia ili tubangue wenyewe, vingine leo ni maghala ya korosho ghafi!

Na magunia je? Mkulima anasubiri magunia ya jute kutoka ng'ambo, wakati mkonge wa kutengenezea magunia unalimwa Tanga. Mshona magunia naye hana kazi.

Naomba hivi: katika kila magunia kumi, moja libaki kwenye ghala la chama cha msingi cha wakulima, tulibangue wenyewe. Mkulima alipwe papo hapo bei ya mnada kutoka kwenye ushuru unaotozwa korosho ghafi, na vikundi vya wabanguaji vilirejeshe deni kidogo kidogo hadi Agosti. Ujira utoke kila Jumamosi, mkononi.

Meli nyingine ikija, mtumeni mwandishi wenu afike na kiwandani kwetu. Nitampeleka mwenyewe. Mabenchi bado yapo.

Mbanguaji wa zamani,
Mtwara