Kipimajoto cha bunduki na sufuria inayong'aa

Mhariri,

Vipimajoto vya kuelekeza kama bunduki vimeingia karakana za jua kali hapa Kisumu, na vinaaminiwa kupita kiasi. Kifaa hicho hupokea miale ya joto inayotoka kwenye chuma, kisha hukisia nyuzi. Vingi huwekwa 0.95, yaani kiwango cha jinsi uso wa kitu unavyotoa miale ya joto (1 ndiyo kamili), namba inayofaa rangi au masizi. Alumini iliyosuguliwa haifiki hata 0.1, miale mingine inayoonekana hapo ni ya kuakisiwa tu, pengine ya uso wa fundi mwenyewe. Kwa hiyo sufuria ya maji yanayochemka, ambayo huku kwetu ni nyuzi 96 hivi, husomeka thelathini na kitu.

Kushusha namba hadi 0.05 hakusaidii sana, maana kosa dogo hukuzwa. Afadhali upake kiraka cha rangi nyeusi isiyong'aa ya kuhimili moto, kikauke, upime hapo. Utepe mweusi wa umeme unatosha chini ya nyuzi 80. Ukizidi, gundi huachia. Na sogea karibu: kifaa cha 12:1 (umbali ni mara 12 ya upana wa duara linalopimwa) kikiwa sentimita 60 hupima duara la sentimita 5, kwa hiyo kiraka kiwe kikubwa kuliko hapo.

Mafundi wa vipimo,
Kisumu