Ludruk si mavazi tu

Mhariri,

Makala yenu kuhusu maigizo ya kisiwa cha Java, Indonesia, niliisoma kwa hamu, maana nimewahi kuishi Surabaya miaka miwili nikisoma. Ila mmeichanganya ludruk na ketoprak, aina mbili tofauti za maigizo ya huko, na karibu nusu ya makala ikaishia kwenye wanaume waliovaa kike.

Ketoprak ni ya Java ya Kati, Yogyakarta na kandokando yake, na visa vyake vimejaa wafalme na makasri. Ludruk ni ya mashariki: Surabaya, Jombang, Mojokerto, Malang. Jukwaani utamkuta mwendesha becak (baiskeli ya magurudumu matatu ya kubebea abiria), mdaiwa, mama mkwe. Kijava chake ni kile cha mtaani Surabaya, kikavu, hakina unyenyekevu wa kasri.

Kweli, kwa jadi wanawake huigizwa na wanaume. Kule hilo halimshangazi mtu. Watu wanangoja maneno. Kwanza hutoka mchezaji wa remo, ngoma ya kufungulia onyesho, njuga mguuni, kila akikanyaga zinalia. Kisha mchekeshaji anatoka peke yake, anaimba parikan: mistari miwili, wa kwanza wa kutafutia vina, wa pili ndio wenye mwiba. Mara yangu ya kwanza ukumbi mzima uliangua kicheko mimi nikiwa bado nahangaika na mstari wa kwanza kichwani. Mzee aliyekaa pembeni yangu akacheka mara mbili, mara ya pili akinicheka mimi.

Sasa hapo ndipo mlipomdhulumu Cak Durasim (hilo "Cak" ni kama sisi tunavyosema "kaka"). Mmempa sentensi moja, tena mkamwita mcheza ngoma. Huyu ndiye aliyesimama jukwaani Wajapani wakiwa bado wanatawala, akaimba: "Bekupon omahe doro, melok Nippon tambah sengsoro." Kwa Kiswahili changu cha haraka: "Kizimba ni nyumba ya njiwa, kwa Mjapani tumezidi kuonewa." Watu walicheka, na kila mmoja alijua anacheka nini. Alikamatwa, akateswa, akafa mwaka 1944. Surabaya leo ina ukumbi wa sanaa wenye jina lake.

Naomba mrekebishe katika toleo lijalo, na mstari wake muuchape kwa Kijava chenyewe. Hiyo tafsiri yangu mkiisoma kwa sauti mtaona imelegea; "doro" na "sengsoro" zinagongana kuliko "njiwa" na "kuonewa".

Msomaji wenu,
Tanga