Mgodi ukifungwa, pampu zisizimwe kwa haraka

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo ambalo sijaliona likijadiliwa tunapozungumzia kufungwa kwa migodi ya chini ya ardhi, nalo ni manufaa ya mahandaki yenyewe baada ya dhahabu kwisha, kama mahali pa kupimia mionzi hafifu sana.

Kila dakika, eneo dogo kama ukucha wa kidole gumba hupitiwa na takriban chembe moja ya muoni, ambayo huzaliwa pale mionzi kutoka anga za mbali inapogonga hewa iliyo juu yetu. Mwili hauihisi, lakini kipimo nyeti huihesabu, na mtaalamu anayetafuta kiasi kidogo mno cha urani katika maji ya kisima hupata shida kutenganisha kilichotoka kwenye maji na kilichotoka angani. Katika maabara ya Gran Sasso nchini Italia, iliyofunikwa na mwamba wa mita 1,400, chembe hizo hupungua karibu mara milioni moja. Huko Mol, Ubelgiji, maabara ya HADES imewekwa kwenye tabaka la mfinyanzi, zaidi ya mita 200 chini ya ardhi, na humo hupimwa sampuli ambazo mionzi yake ni hafifu sana.

Kina peke yake hakitoshi. Mwamba nao una urani, thoriamu na potasiamu, ambazo hutoa mionzi, na gesi ya radoni, yenye mionzi pia, hujikusanya mahandakini, hivyo hewa lazima ibadilishwe daima na kipimo cha mionzi kilichotengenezwa kwa jemaniamu kizungushiwe shaba na metali ya risasi. Hata risasi mpya ina mionzi yake, ambayo hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 22 hivi. Ndiyo maana Waitalia wametumia risasi iliyoopolewa kutoka meli ya Kirumi iliyozama karibu na Sardinia yapata miaka 2,000 iliyopita. Nawaheshimu sana watu wanaojali usahihi kiasi hicho.

Mfano unaotuhusu zaidi uko South Dakota, Marekani. Katika mgodi wa dhahabu wa Homestake, karibu mita 1,500 chini, mwanasayansi Raymond Davis alihesabu nyutrino, chembe ndogo mno zitokazo kwenye Jua, tangu miaka ya 1960, kazi iliyompatia sehemu ya Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2002. Mwaka huohuo mgodi ulifungwa. Mwaka 2003 pampu zikazimwa na maji yakaanza kupanda. Kampuni ya Barrick, iliyokuwa imekwisha kuumiliki mgodi huo, iliukabidhi kwa jimbo mwaka 2006, na ilibidi maji yaliyoachwa yajae yavutwe upya ndipo Maabara ya Sanford iweze kufanya kazi huko chini. Barrick hiyohiyo ndiyo inayoendesha mgodi wa Bulyanhulu kwa ubia na serikali yetu.

Sidai kwamba Bulyanhulu ufungwe, wala kwamba kila sampuli ishushwe shimoni. Mwamba wa fosfeti wa Minjingu, wenye urani nyingi, unapimika vizuri juu ya ardhi. Kazi ngumu ni kufuatilia masalia madogo katika maji na mazao, na kujua hali ya asili ya mto Mkuju, wilayani Namtumbo, kabla uchimbaji mkubwa wa urani haujaibadilisha, kwa sababu hali hiyo ikishapotea haiwezi kupimwa tena.

Kwa hiyo naiomba Wizara ya Madini, Tume ya Nguvu za Atomiki na vyuo vikuu vyetu vikae pamoja, ili mpango wa kufunga kila mgodi wa chini ya ardhi useme wazi ni handaki lipi litabaki kavu, nani atalipia pampu na feni, na kwa miaka mingapi. Hatua ya kwanza ingeweza kuanza sasa, wachimbaji wakiwa bado kazini: kupima radoni na mionzi ya mwamba katika kila kina, na kuyatangaza matokeo kwa wachimbaji wenyewe, kwani hewa hiyo ndiyo wanayoivuta kila zamu.

Msomaji wako,
Kahama