Rama, usitoe hela ya tairi kabla hujasoma hii

Rama kaka,

Vipi Dodoma, shemeji hajambo, watoto wamefungua shule? Meseji yako ya kuuliza ufunge tairi gani kwenye gari niliiona nikiwa Karatu nasubiri wageni wamalize kula, nikataka kukujibu palepale ila nikaona mambo ya tairi hayajibiwi kwa mistari miwili, alafu we mwenyewe umesema Jumamosi unaenda dukani na hela mkononi. Basi leo nimerudi Arusha, nimeoga, nimekaa chini nakuandikia yote ninayoyajua. Isome mpaka mwisho ndo uende.

Kwanza hongera sana kwa Prado. Hiyo modeli ya 120 ni gari ya kazi, na picha uliyonitumia nimeikuza nikasoma ubavuni, 265/65R17, saizi yake yenyewe, hajaichezea mtu. Nimefurahi kuliona hilo.

Sasa huyo muuzaji anayekwambia ufunge 285/70 za meno makubwa, zile M/T za tope, kisa unaenda shamba Kiteto na kule kuna tope. Hapana kaka. Sisemi M/T ni mbaya, kuna watu wanazihitaji kweli, wenye kuingia porini wiki nzima kwenye matope hawana njia nyingine. Lakini we ebu kaa uhesabu mwezi wako. Siku zote za kazi uko mjini, lami, unapeleka watoto shule unaenda ofisini unarudi, alafu mara mbili kwa mwezi unashika njia ya Kongwa kwenda Kibaya, ukishaacha lami ni vumbi na kokoto, na mwisho kabisa ndo kile kipande cha kuingia shambani chenye udongo mweusi, na chenyewe ni tope kipindi cha mvua tu, Desemba mpaka Aprili huko kwenu. Kwa hiyo unataka kununua tairi ya kipande cha mwisho, kilomita chache, alafu uivumilie kilomita zingine zote. Ile meno yake yameachana sana, mpira unaogusa chini ni kidogo, kwenye lami iliyolowa ukikamata breki gari inateleza mbele zaidi kuliko ulivyozoea, na nyuma umekaza watoto wawili na mkanda. Bado haijaunguruma masikioni mwako njia nzima, na lami ya moto inailamba haraka, mwaka na nusu unashangaa kashata, yaani hayo meno, zimeenda wapi.

Na hiyo saizi. 265/65R17 kwenda juu ni karibu sentimita 78, hiyo 285/70R17 inafika 83. Hiyo ni kama asilimia 7 zaidi, maana yake tairi ikizunguka mara moja gari inakwenda mbali zaidi lakini dashibodi haijui. Kama dashibodi yako ilikuwa inasema kweli, ukiona 50 ujue uko 53 na kitu, na we unajua jamaa wa tochi wanavyokaa kwenye vijiji vya njia hiyo. Gari inakuwa nzito kuondoka, mafuta yanaongezeka, breki zinafanya kazi kubwa, na ukikata kona huku umebeba mzigo tairi inaanza kusugua kwenye matigadi. Baki na 265/65R17. Kiwanda hakikukosea.

Wewe chukua A/T, zile za njia zote. Kashata za kati, zimekaribiana vya kutosha kwa lami ila zina kingo za kuuma kokoto na tope la kawaida. Ila hapo ndo watu wengi wanaishia, wanasema nipe A/T, wanalipa, wanaondoka. Rama, A/T haziko sawa, na tofauti kubwa haipo kwenye kashata unazoziona, iko ubavuni.

Nikwambie kitu kilichonikuta. Mwezi wa tisa mwaka 2016 nilitoka Mto wa Mbu kwenda Ziwa Natron na wageni wanne, gari ilikuwa imefungwa tairi mpya, zinanuka mpira bado, lakini zilikuwa za barabarani, H/T laini za kubebea familia mjini. Ukishaipita Engaruka yale mawe ya volkano yametokeza yana makali kama kisu, na mengine yamefunikwa na vumbi huyaoni mpaka umeshayapanda. Ya kwanza ilikufa nyuma kushoto, nikafunga spea tukaendelea, hata nusu saa haijafika mbele kulia nikasikia fuuuu. Nikalala chini kuangalia. Kashata hazina hata mkwaruzo, nzima kabisa. Ubavuni kuna mpasuko urefu wa kidole changu cha kati, nikaingiza dole gumba likazama mpaka kwenye kiungo, na ndani nikagusa nyuzi, nyembamba kama za shuka, zimekatika zote kwa mstari mmoja kama mtu kapitisha wembe. Na mpasuko wa ubavu hauzibwi kaka, ile kamba ya pancha inaziba tundu la msumari kwenye kashata, ubavuni pananyumbuka kila tairi inapozunguka, haishiki. Tulikaa pale toka saa nane mchana mpaka giza linaingia ndo ikapita gari ya wenzetu. Mmoja wa wageni alikuwa mama mtu mzima, joto la kule unalisikia hata kivulini, maji tunagawana vikombe, na mimi ndo dereva, mimi ndo wananiangalia. Toka siku ile nikishika tairi naanza na ubavu.

Kwa hiyo dukani fanya hivi. Angalia kama mbele ya namba ya saizi kuna herufi LT, yaani LT265/65R17. Hizo zimejengwa kwa magari ya mizigo, nyuzi za ubavuni zimeongezwa na mpira ni mnene. Alafu angalia namba ya uzito inayofuata. 112 maana yake tairi moja inabeba kilo 1120, na 120 inabeba kilo 1400. Prado yako tupu ni kama tani mbili, weka watu watano, weka magunia ya alizeti nyuma na madumu, utaona mwenyewe kwanini nataka uwe na akiba. Herufi ya mwisho ni spidi, S ni kilomita 180 kwa saa, inatosha sana, asikutishe mtu na herufi za juu. Ukweli mwingine nikwambie usije ukanilaumu, LT ni ngumu kidogo kuliko ulizozoea, mjini kwenye matuta utaisikia, na ni nzito. Kwa njia zako mi naona inalipa. Ungekuwa hutoki mjini ningekwambia achana nazo.

Kuhusu udongo mweusi nisikudanganye. Hakuna tairi itakayokuhakikishia kupita siku imenyesha kweli. Ule udongo ukilowa unavimba na unanata, unajaza nafasi za kashata zote mpaka tairi inakuwa kama kipara, iwe A/T iwe M/T, M/T inajitahidi kurusha tope ukiikanyagia lakini na yenyewe kuna pahala inasalimu. Tuko nao Ndutu huo udongo, naujua. Ikinyesha usiku, asubuhi shuka utembee hatua kumi kwa miguu, kiatu kikirudi kizito kama tofali, acha gari pale penye changarawe subiri jua, jua likipiga vizuri juu panakauka na kushika. Siku moja ya kusubiri ni rahisi kuliko trekta la kukuvuta.

Sasa upepo, na hapa ndo nataka unisikilize kuliko pote, manake naona watu wananunua tairi za bei kubwa alafu wanaziua kwa upepo. Kwenye nguzo ya mlango wa dereva kuna kibandiko kinasema upepo wa gari hiyo, ule ni wa tairi za kiwandani, ukifunga LT inabidi uongeze kidogo juu ya hapo ili ibebe uzito uleule. Mi kwenye lami gari ikiwa na mzigo naweka PSI 38 mpaka 40, kile kipimo cha upepo kwenye geji, ikiwa tupu 35. Nikiacha lami nikaingia vumbi lile lililojikunja kama bati, ile njia ya kutoka Ngorongoro kushuka Naabi ukiwahi kupita utajua ninachosema, nashusha mpaka 28 na spidi napunguza, tairi inakunywa yale mawimbi badala ya kuyapeleka kwenye shokamzoba, na jiwe dogo halitoboi kirahisi kwa sababu mpira unalizunguka. Mchanga mzito nashusha 18, tairi inalala inakuwa ndefu chini kama unyayo wa ngamia, inaelea. Ila ukiwa 18 usizidi kama kilomita 40 kwa saa na usikate kona kwa nguvu, inaweza kuchomoka kwenye rimu. Penye mawe makali kama yale ya Natron usishushe sana, ukishusha ubavu unatoka nje unakaa tayari kukatwa, hapo dawa ni mwendo wa pole na kuchagua pa kukanyaga.

Na kabla hujarudi lamini jaza, usiseme nitajaza Kongwa. Tairi yenye upepo mdogo ikikimbia lamini ubavu unajikunja na kujikunjua, inachemka ndani, nyuzi zinaachana, na inapasuka uko 100. Kwa hiyo pamoja na tairi nunua kompresa ndogo ya kuchomeka kwenye betri na geji ya upepo yako mwenyewe, geji za vituoni kila moja inasema lake. Pima asubuhi tairi zikiwa za baridi. Ukipima saa saba mchana ukakuta imepanda usitoe, ni joto. Ila ikipanda zaidi ya 6 kwa LT ujue asubuhi ulianza na upepo mdogo, au umezidisha mzigo, au spidi.

Kitu kingine, tarehe. Ubavuni kuna neno DOT na namba nyingi, wewe tafuta nne za mwisho, mfano 0818, hiyo ni wiki ya 8 ya mwaka 2018. Wakati mwingine ziko upande mmoja tu, mwambie aigeuze. Tairi inazeeka hata kama haijawahi kugusa barabara, hasa zile zinazopangwa nje juani, mpira unakauka, ukiibonyeza karibu na rimu unaona vinyufa kama vya tope lililokauka. Mi sichukui iliyozidi miaka miwili toka itoke kiwandani, hata wapunguze bei. Na za mtumba usinunue kabisa kwa gari inayobeba familia, huwezi kujua ilikimbizwa wapi bila upepo, yale majeraha yako ndani.

Na nunua tano. Najua inauma, ila sikiliza, Prado nyingi za 120 zinavuta magurudumu yote manne muda wote, ukichanganya mpya moja na zilizolika tatu ile difu ya kati, inayogawa nguvu mbele na nyuma, inateseka bila sababu. Ukiwa na tano sawa unazizungusha pamoja na spea kila kilomita 10,000, zinaisha kwa pamoja, na siku ukipata pancha unafunga kitu kilekile kinachofanana na wenzake. Kama hela haitoshi kwa tano, subiri mwezi mmoja, endesha pole mjini, shamba waambie wakutumie picha. Alafu zikishafungwa lazimisha balansi na alaimenti siku hiyohiyo.

Ukifika Jumamosi kabla hujalipa nipigie picha ubavu, pande zote mbili, ile saizi isomeke na zile namba nne. Nitakuwa mjini mpaka saa kumi, simu iko mkononi. Na ile spea iliyoko kwenye gari sasa hivi ichungulie leo jioni, ibonyeze ubavu, angalia tarehe yake, manake nina wasiwasi ni ya toka Japani.

Msalimie shemeji, mwambie ule mchele nimeupata.

Beni