Msilete Tingatinga Bado: Barua ya Wazi kwa Vijana wa Nyumba Yetu ya Ibada

Wanangu,

Poleni kwa moto ulioiunguza nyumba yetu ya ibada. Najua mnatamani kufanya kitu, maana msiba huuma zaidi mtu akikaa bure. Lakini hili la kuleta tingatinga wiki hii, ati tuanze upya, naomba mliache kwanza.

Paa na dari vimekwisha. Kuta za mawe zimesimama, ila zisiwahadae: jiwe la chokaa likipigwa na moto mkali hudhoofika, na maji ya zimamoto huongeza nyufa. Atangulie mhandisi, na wachunguzi wamalize kazi yao. Mpaka hapo, habari za nani aliacha mshumaa na nani aligusa nyaya zisitajwe hata barazani. Tukishaumizana, tutajenga na nani?

Zile boriti nene msizigawe kuni. Mti mnene huungua kwa nje, na mkaa wake wenyewe hukinga kiini. Seremala akiukwangua, huenda akakuta ubao mzima bado unabeba mzigo.

Kanisa kuu la Notre-Dame, huko Paris, lilipoungua Aprili 2019, mabaki yalikusanywa, yakapangwa na kuchunguzwa. Milango ikafunguliwa tena Desemba 2024. Na wale fedha walikuwa nazo! Hekalu la Kinkaku-ji, huko Kyoto, Japani, liliteketezwa 1950 likasimama tena 1955, na waliolijenga walikuwa na michoro ya ukarabati wa zamani.

Sisi michoro hatuna. Tuna picha za harusi. Nyuma ya kila bibi harusi pana dirisha, nguzo, au nakshi ya mlango ambayo hakuna aliyeipiga picha kwa makusudi. Piteni nyumba kwa nyumba mzikusanye, muandike mwaka na jina la kila kilichoonekana. Anzeni kwetu wazee; sababu mnaijua.

Daftari zilizolowa msizibandue kurasa wala kuzianika juani. Zilizogandana zifungeni kwenye mifuko, ziwekwe kwenye friza hadi apatikane mtaalamu.

Michango isiingie kwenye simu ya mtu mmoja, hata akiwa mtoto wangu. Wawe watatu, na hesabu isomwe mbele ya wote kila baada ya ibada.

Ibada yenyewe tutaifanya uwanjani, chini ya turubai, mbali na kuta. Anayeweza kuleta mkeka au kiti cha ziada alete.

Mzee wenu