Barua ya wazi kwa mpwa wangu: chukua nusu, nusu nyingine iache

Mpwa wangu,

Salamu nyingi kutoka Ngamiani. Huku sote wazima, biashara inasuasua lakini inakwenda. Ujumbe wako niliupata. Unasema unatamani kuandika hadithi, tatizo ni kwamba maisha yako hayana hadithi: asubuhi daladala, kutwa nzima kuingiza stakabadhi kwenye kompyuta, jioni daladala tena, usiku ugali na kulala. Nimeamua kukujibu hadharani kwa sababu lalamiko hilo si lako peke yako. Wanaoniletea ni wengi, na wote huja nalo kama watu waliodhulumiwa.

Hoja ya kazi tuimalize haraka. Shaaban Robert, mwandishi na mshairi wetu mkubwa, mtu wa Tanga kama wewe, alikuwa karani wa forodha tangu 1926 hadi 1944. Karani, mjomba. Makaratasi ya serikali ya kikoloni, mihuri, mizigo ya watu. Kwa hiyo ofisi usiisingizie.

Halafu kuna watakaokushauri usafiri, utembee uone. Sikukatazi. Ila maandishi ya wasafiri nimeyasoma ya kutosha, na mengi yamejaa milima na machweo, watu hamna.

Mimi nakwambia hivi: usihangaike kutafuta kisa kizima, tafuta nusu. Kisa ukikipata kizima kimeshakwisha, kilichobaki ni kukipeleka kwa mwingine, na hapo umekuwa mbea mwenye kalamu. Nusu ndiyo inayokukosesha usingizi.

Nikupe mfano wa hapa dukani. Nina mteja, mzee anayeishi peke yake. Kila siku baada ya magharibi huja kuchukua boflo nusu na kipakiti cha majani ya chai, namwandika kwenye daftari la madeni, mwisho wa mwezi analipa. Jioni moja kaja kavaa kanzu iliyopigwa pasi, akataka boflo mbili nzima, siagi ya kopo na sukari kilo. Nikavuta daftari, akanizuia kwa mkono. Akatoa noti mpya zilizokunjwa mara nne, akazikunjua moja moja juu ya kaunta. Kijana anayenisaidia alishafungua mdomo aulize, nikamkanyaga mguu. Kesho yake magharibi mzee huyoo, boflo nusu, niandikie.

Alikuja nani? Ama tuulize vingine: aliyetarajiwa alikuja? Hadithi hiyo nimeshaiandika kwa namna tofauti, na kila mara mgeni anabadilika. Kuna mtoto aliyepotelea Uarabuni, kuna mke wa zamani, kuna mdai. Ninayoipenda kuliko zote haina mgeni. Siagi inayeyuka ndani ya kopo mpaka adhuhuri ya siku ya pili. Kijana wangu angeuliza, mzee angejibu, "Shemeji alipita," tukasema inshallah karibuni tena, na mimi nikakosa yote hayo.

Sasa wewe unapanda daladala ya Gongo la Mboto kila siku, halafu unaniambia huna kitu! Ndani ya gari kuna watu kumi wanaongea na simu, na wewe unasikia upande mmoja tu. Jana umesikia dada anasema, "Sawa, lakini mwambie ufunguo sirudishi." Umenisimulia mwenyewe, kisha ukaendelea kulalamika. Ufunguo wa nini? Anayeambiwa amwambie nani? Kwa nini alianza na "sawa"? Hilo "sawa" ndilo ningeanza nalo.

Nusu za namna hii zimejaa mno kwetu, sijui kwa nini hatuzioni. Angalia kanga. Mwanamke anakwenda kuchota maji, kajifunga kanga imeandikwa "Hasidi hana sababu". Anapita mbele ya nyumba tatu. Anayeambiwa anajijua, na hawezi kujibu, maana akijibu tu amekubali kwamba ndiye. Anachoweza ni kwenda kwa muuza kanga kutafuta kanga yenye maneno ya kujibia, na kama pesa hana asubiri mpaka apate. Hebu niambie, ni tamthilia gani yenye subira kama hiyo? Huhitaji kujua waligombania nini. Andika zile wiki anazosubiri.

Au matangazo ya vifo redioni, tuliyokuwa tukiyasikiliza zamani mama yako akiwa bado anasuka ukili uani. Fulani wa Muheza anasikitika kutangaza kifo cha baba yake mzazi, habari ziwafikie fulani wa Korogwe, fulani wa Lushoto, na fulani popote alipo. Wenzake wana miji, yeye ana "popote alipo". Mtu mzima, ana jina kamili, na ndugu zake hawajui yuko wapi, lakini wameona wamtaje. Kuna aliyeshauri atajwe, na bila shaka kuna aliyepinga. Mimi nikilisikia neno hilo husimamisha kila kitu, hata mteja asubiri.

Tena hili si geni. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki yapata 1840, alitunga juu ya mambo ya mji wake, vita na siasa na mapenzi na vijembe, akajibizana na washairi wa Lamu. Mashairi yake mengi yalibaki vichwani mwa watu mpaka Mwalimu Sikujua alipoyakusanya baadaye, akisaidiana na Mwingereza Taylor. Leo ukiyasoma, mara nyingine unakutana na jibu tu, aliyechokoza humjui na alichosema hukijui. Badala ya kupungua, beti zinazidi kunoga.

Mpaka mmoja nakuwekea, na huu sina mzaha nao. Nina uwakala wa pesa za simu pia. Mtu akija kumtumia mwenzake, jina linatokea kwenye skrini yangu kabla sijathibitisha, na mimi huwa nalisoma kwa sauti ahakikishe. Nimeona nyuso zikibadilika hapo. Hizo siziandiki. Nimekwisha ona jina, namba na kiasi, na mwenyewe kaniamini kwa sababu ya kazi yangu. Nawe stakabadhi za ofisi yako ziheshimu vivyo hivyo. Wala usirekodi watu kwa simu. Kilichokukaa kichwani kinatosha. Kilichokutoka hakikuwa chako. Yule mzee wa boflo mwenyewe hapa nimembadilisha, hata akisomewa barua hii atamcheka mtu mwingine.

Namna ya kufanya ni nyepesi. Mimi naandika kwenye kurasa za nyuma za daftari la madeni, maneno yaliyosemwa kama yalivyosemwa, bila kuongeza nadhani au pengine. Naacha wiki kadhaa. Mengi yanakufa, yafe. Linalorudi lenyewe ninapofunga mlango wa duka, hilo nalikalia kitako, naanza na aliyekosekana: aliyekuwa upande wa pili wa simu, aliyesomewa kanga, yule wa popote alipo. Huyo ndiye mhusika wangu. Aliyenionesha nusu ya kwanza mara nyingi simwingizi kabisa.

Idi unakuja, najua. Niletee huyo dada wa ufunguo, hata kurasa mbili, na usinieleze mwisho wake kabla sijasoma. Shangazi zako wanasema uje na shuka zao ulizoondoka nazo safari iliyopita.

Mjomba wako,
Ngamiani, Tanga