Chagua maji kwanza, siku itafuata

Msimu wa kaskazi ukikaribia, hutujia vikundi vyenye ombi moja. Wana klabu ndogo ya wenye vyombo: huyu ana mashua ya tanga, yule ana mtori, chombo kidogo cha tanga, wa babake, mwingine amenunua boti ya faiba yenye mashine, na wanataka siku moja watoke pamoja. Hawataki mashindano. Mashindano ya Maulidi na ya tamasha la utamaduni yana kamati zake na zawadi zake. Hawa wanataka kutoka na jamaa zao, wale, waogelee, wazungumze na warudi kabla ya magharibi. Kazi yetu hapa Lamu ni kuandaa matembezi ya namna hiyo, na karibu kila kikundi huanza kwa kutuuliza, "Jumamosi gani mna nafasi?" Nasi huwauliza kwanza wanataka kwenda wapi. Kila mahali pana maji yake, na hayo maji ndiyo yatakayotupa siku.

Tuchukue Takwa, kwa kuwa ndiko wengi wanakotaka kwenda. Magofu yale ya mji wa kale yako kisiwani Manda, na njia nzuri ya kuyafikia ni mkono wa bahari unaoingia kati ya mikoko kutoka upande wa Lamu. Maji yakiwa yamejaa, mashua inapita vizuri na watoto wanagusa majani kwa mikono. Maji yakipwa, njia ile ile ni tope. Aliyechelewa ndani hupwelewa, na hakuna mashine wala nahodha wa kumtoa, ila kungoja maji yarudi. Saa sita za kungoja na watoto wadogo, mbu wa mikoko na maji ya kunywa yaliyokwisha si matembezi tena.

Sasa tazama saa zinavyokwenda. Pwani yetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku hujaa takriban dakika 50 baada ya saa ya jana. Mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, maji hujaa karibu na saa kumi alasiri, na siku zinazofuata huzidi kusogea kuelekea usiku. Wazee wetu hawakuhitaji jedwali kwa hilo, walihesabu tarehe za mwezi wa Kiislamu, na hesabu hiyo ingali inafaa. Kwa safari ya Takwa sisi hupenda tarehe 11 hadi 13, au 26 hadi 28. Siku hizo maji hujaa kati ya saa saba unusu na saa tisa unusu mchana. Mnaondoka forodhani baada ya Adhuhuri maji yakipanda, mnaingia nayo, mnatembelea magofu, mnakula, na mnageuza omo, yaani mbele ya chombo, maji yangali mengi. Halafu tunalinganisha na jedwali la maji la mwaka huo, kwa sababu saa za Lamu hazilingani kabisa na zile zilizochapishwa kwa Kilindini, bandari ya Mombasa, na mwezi unaweza kuonekana siku moja mbele au nyuma.

Siku mbili tatu baada ya mwezi mpevu mambo hugeuka. Hapo ndipo bamvua lina nguvu. Maji hupanda na kushuka karibu mita 3, na saa tano au sita mchana bahari iko mbali kabisa. Kikundi kilichochagua Jumamosi hiyo kwa kuwa mishahara imeingia, kikapanga kuondoka saa nne asubuhi kwenda Takwa, kimejipangia siku ngumu. Lakini siku hiyo hiyo ni nzuri mno kwa jambo jingine: mafungu ya mchanga hutoka majini, nanyi mnaweza kutia nanga pembeni, mkashuka kwa miguu na kuandalia chakula mahali ambapo jioni kutakuwa bahari. Watoto hulipenda hilo kuliko magofu. Ndiyo maana hatumwambii mtu kuwa siku yake ni mbaya. Tunamwambia siku yake inafaa mahali gani.

Maji mafu nayo, karibu na tarehe 8 na 22, yana faida yake. Tofauti ya kujaa na kupwa huwa kama mita 1 tu, mkondo haukimbii sana, na wenye mitumbwi na kayaki wanapata kupiga makasia bila kusukumwa. Tukiwa na wageni wengi wasiozoea bahari, tunawaombea maji mafu, wakae karibu, mbele ya kijiji cha Shela au upande wa Manda.

Upepo ni habari nyingine. Wakati wa kusi, hasa kuanzia Juni hadi Agosti, mlango wa bahari kati ya Shela na Ras Kitau ya Manda huingia mawimbi ya bahari kuu, na mashua ndogo yenye watu wanaojifunza haina kazi huko. Miezi hiyo tunawapeleka watu nyuma ya kisiwa, kwenye maji yaliyokingwa, mpaka Matondoni kwenye mafundi wa majahazi. Wenye klabu wanaopenda vyombo vyao hufurahi kuona ubao ukichongwa kwa tezo na chombo kikikalafatiwa, yaani kuzibwa nyufa, kwa pamba. Nako pia utataka maji, maana njia zile zimejaa mikoko na matope. Kaskazi ikitulia, mnaweza kufika mbali zaidi, kupita mlango wa Mkanda hadi kisiwa kidogo cha Manda Toto kutazama matumbawe, ila hiyo ni safari ya siku nzima na hatuichukui kwa kikundi kinachotoka mara ya kwanza.

Sasa tuseme siku imepatikana. Kinachoharibu mikutano ya vyombo vidogo, kwa tulivyoona sisi, ni mwendo. Boti ya faiba ya nguvu za farasi 40 hufika Manda kabla mtori haujamaliza kutweka tanga. Mwenye boti anachoka kungoja, anakwenda kuzunguka, mawimbi yake yanawarusha walio kwenye mtumbwi, na mwenye mtori anaona ametolewa nje ili aachwe nyuma. Kwa hiyo tunapanga kinyume. Chombo cha polepole kabisa huondoka cha kwanza, na hicho ndicho kinachoweka mwendo. Vya tanga vinafuata, vikibisha upepo vinavyoweza. Vya mashine huondoka mwisho na haviruhusiwi kupita mbele ya chombo cha mbele ila vimeitwa. Wenye mashine wengine hawalipendi hilo. Tunawaeleza kuwa wao ndio wenye uwezo wa kumfikia yeyote haraka likitokea jambo, na anayeweza kusaidia hukaa nyuma anakoona vyombo vyote.

Lazima pia awepo mtu mmoja wa neno la mwisho. Klabu za marafiki huona aibu kumteua, kila mtu ni nahodha wa chombo chake na hakuna anayetaka kuonekana anawaamrisha wenzake. Lakini wingu likitanda upande wa bahari saa tisa alasiri, huwezi kupiga kura. Tunawaomba mumteue mapema, tena mumteue anayeyajua maji haya, hata kama chombo chake ndicho kidogo kuliko vyote. Mara nyingi ni mzee mvuvi asiye na makuu. Yeye akisema tunarudi, tunarudi. Jioni ya kuamkia safari yeye na sisi tunaamua kama tutatoka, na baada ya Alfajiri tunaitazama bahari tena kabla ya kuwapigia simu.

Sehemu ambayo watu hutuuliza sana, na ambayo ni tamu ikifanywa vizuri, ni kufunga vyombo ubavu kwa ubavu ili watu wavuke kutoka huku kwenda kule wakiwa na sahani mkononi. Hapa twendeni taratibu.

Chombo kizito kuliko vyote ndicho kinachotia nanga, peke yake. Kikishatulia na kuelekeza omo kwenye mkondo, vingine vinakuja kimoja kimoja, kimoja kulia, kimoja kushoto, ili uzito usielemee upande mmoja. Nanga ya pili haitiwi. Maji yakigeuka, vyombo vyote vitazunguka pamoja, na penye nanga mbili kamba zitasokotana chini msijue pa kuanzia kuzifungua. Kina kinapimwa kwa maji yatakavyokuwa yakijaa, si kwa maji mliyoyakuta, na kamba iachiliwe si chini ya mara tano ya kina hicho. Pale mlipokuta mita 2 asubuhi, alasiri ya bamvua panaweza kuwa na mita 5, na kamba iliyotosha asubuhi itaing'oa nanga.

Vya tanga vina hatari yao. Foromali, ule mti mrefu unaoshika tanga, ikiachwa juu inanesa kila wimbi likipita, na foromali mbili zikigongana juu ya vichwa vya watu hakuna atakayekuwa na wakati wa kuinama. Kwa hiyo tanga linatuliwa, linakunjwa, foromali inalazwa kwa urefu wa chombo na kufungwa pande zote mbili kabla ya chombo kusogea kuungana na wenzake. Ubao wa kukalia nje unavutwa ndani. Milingoti isilingane sawasawa, chombo kimoja kikae mbele kidogo na kingine nyuma kidogo. Kati ya mbavu tunaning'iniza matairi makuukuu yaliyofunikwa gunia, maana tairi tupu huacha alama nyeusi kwenye rangi, na mtu aliyetoka kupaka chombo chake kwa ajili ya siku hii hatakusamehe. Sisi hatuunganishi zaidi ya vyombo vitano kwenye nanga moja. Vikizidi tunafanya makundi mawili, na kamtumbwi kanapeleka watu huku na huku. Upepo ukianza kuzidi, na alasiri huzidi, tunafungua mapema, wa pembeni kwanza, hata kama chai haijakwisha.

Chakula hakitupi shida. Wali wa nazi, samaki wa kupaka, mikate ya mofa na madafu hupikwa na akina mama wa mtaani tunaofanya kazi nao, na vyote huja kwenye masufuria yenye vifuniko vya kufungwa. Vikombe na sahani tunabeba za kuoshwa. Takataka zote zinarudi mjini.

Usalama una mambo machache tusiyoyajadili. Kila mtu ana jaketi la kuokolea linalomtosha, na jaketi la mtu mzima halimwokoi mtoto wa miaka minne, litamvuka kichwani. Tunaomba umri na uzito wa watoto mapema kwa sababu hiyo. Kila chombo kina upo wa kufulia maji, kamba ya akiba, kasia na maji ya kunywa. Cheti cha ukaguzi kutoka Mamlaka ya Usafiri wa Baharini, KMA, kiwe hai, na idadi ya watu isizidi iliyoandikwa humo. Orodha ya majina, chombo kwa chombo, inabaki kwa mtu wetu aliye nchi kavu pamoja na saa ya kurudi. Ndani ya mikoko simu hupotea, kwa hiyo boti yetu ya kusindikiza ina redio, na vyombo vingine tunawapa bendera mbili: nyeupe ya kusema tuko salama, nyekundu ya kuita. Watu husahau haraka maelezo marefu, lakini bendera hawazisahau.

Tunaongeza neno kwa wageni wa klabu kutoka mbali. Lamu ni mji wenye heshima zake. Nguo za kuogelea ni za huko kwenye maji, si za kupita nazo forodhani. Siku ya Ijumaa hatuondoki kabla ya sala kwisha. Takwa pana msikiti wa kale na kaburi lenye nguzo ambapo watu wa Shela walikuwa wakienda kuomba mvua, kwa hiyo watoto wasipande juu ya kuta. Kiingilio cha Makumbusho ya Taifa kinalipwa kwa kila mtu, tunakiweka kwenye hesabu tangu mwanzo. Kama kuna familia ambazo akina mama wangependa chombo chao peke yao, tuambieni, tunalo tanga na mabaharia wa kuaminika kwa hilo.

Malipo tunayagawanya kwa chombo, na si kwa kichwa, katika yale yanayohusu bahari: boti ya kusindikiza, mafuta, nanga na kamba. Chakula na kiingilio ndivyo kwa kichwa. Tumeona hilo linaondoa manung'uniko, kwa sababu mwenye mtori anayekuja na mkewe halipii chakula cha familia ya watu kumi. Fedha zikusanywe kabla ya siku na mtu mmoja wa klabu. Siku ikiahirishwa kwa hali ya hewa hatuwadai kitu isipokuwa chakula kilichokwisha nunuliwa, na chakula hicho mtakula, tutakiandaa hapa hapa ufukweni.

Mkitaka kuanza, njooni mtuone angalau wiki tatu kabla. Tuleteeni aina ya kila chombo, urefu wake, kina kinachozama majini na idadi ya watu watakaopanda. Tarehe msiilete. Tutakaa na jedwali la maji, tutawapa siku mbili au tatu zinazofaa, nanyi mtachagua inayowaafiki wengi.